Mwaka wa Zimwi la Ngara

Tulipotoka kumuaga Kusum tulirudi sote kwa Hemlata, Ngara, kwenye fleti yake ya juu. Wanawake walivua viatu mlangoni wakaketi chini, sakafu nzima ikiwa imetandikwa shuka nyeupe. Mimi magoti yamekataa mambo hayo siku hizi, kwa hivyo nililetewa kiti, nikakaa juu ya wenzangu kama hakimu. Hakuna aliyelia kwa sauti. Kusum alikuwa ameshiba siku zake, na mtu wa namna hiyo huagwa polepole. Tulipewa wali uliopikwa pamoja na dengu mpaka ukalegea, na mtindi kwenye vibakuli, na tukiwa katikati ya kula Hemlata, mpwa wake Kusum, akaanza kuwaeleza wajukuu zake habari za onyesho letu. Akasema yeye ndiye aliyekuwa zimwi, na kwamba Nirmala alikuwa wa kwanza kumezwa. Nikashindwa kunyamaza. "Nirmala hakumezwa," nikasema. "Nirmala alikuwa mti." Agnes, aliyekuwa ametoka Kangemi na fimbo yake kuja kumuaga mwalimu wetu, akapaliwa na chai. "Tabitha, miaka yote hii!" akasema Hemlata. "Hata iwe mingapi," nikamjibu. "Alikuwa mti, na alilia kwa sababu ya kuwa mti."

Shule mimi niliiacha darasa la nne. Haya ninamtajia mjukuu wangu Shiru, hapa kwetu Riruta, naye anayaandika. Akiongeza lake ninamwambia afute. Lakini jina la mtu likiniingia sikioni halitoki, na ya mwaka ule hayajatoka hata moja. Ulikuwa mwaka niliotimiza miaka kumi na tisa. Nilikuwa nakaa Kangemi, chumba kimoja na rafiki yangu Peninah, na kabla ya hapo nilikuwa nikifua nguo za watu Loresho, nguo ambazo sikuwahi kuwaona wenyewe wakizivaa. Kisha Peninah akasikia kwamba kuna mama wa Kihindi Ngara anayetaka msichana wa kutunza chumba cha kuchezea. Mimi nikadhani ni chumba cha kuchezea karata. Nilikwenda na wasiwasi wangu, nikapanda ngazi kando ya duka la vitambaa, nikasukuma mlango, nikamkuta mwanamke mwembamba peku, njuga miguuni, akiupiga ubao kwa kisigino na kujisemesha. Huyo ndiye Kusum. Akanitazama akasema, "Wewe unaogopa vumbi?" Nikasema hapana. "Basi ingia."

Chumba chenyewe bado nakiona. Sakafu ya mbao niliyoipaka nta kila Ijumaa mpaka ikawa kama ngozi ya mtu aliyeoga. Kioo kimoja kirefu, kilichopasuka pembeni, hata watoto wakapigania kutosimama upande wa ufa. Harufu ya kitambaa kipya ilipanda kutoka dukani chini, na sauti ilipanda pia, kwa sababu mbao zilikuwa na nyufa. Nilikuwa nikifagia huku nikisikia biashara yote ya Bapuji. Bapuji maana yake ni baba. Alikuwa baba mkwe wa Kusum, mwenye duka na mwenye jengo, na sote tulimwita hivyo, hata wapagazi. "Kata moja, nunua moja!" alikuwa akiwafokea wateja. "Shika-shika mingi hapana." Na kama sauti yake ilivyopanda kwetu, ndivyo vumbi letu lilivyoshuka kwake. Watoto wakiruka, unga mweupe ulidondoka juu ya majora yake ya hariri, naye akagonga dari kwa kijiti cha kupimia. Kusum alikuwa akisikia vile vishindo chini ya nyayo na kuendelea kuhesabu hatua. Mimi nilikuwa nikiwafanyia watoto ishara waruke polepole.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wa nyumba za wafanyabiashara wa Ngara na Parklands. Watoto wa Kangemi waliingia kupitia kwa Agnes. Jumamosi moja nyanya yake, tuliyemwita Kukhu, alikuwa ameitwa kuzalisha mtu, na mamake alikuwa amesafiri kutafuta kazi, kwa hivyo nikaja naye kazini nikamwambia akae ukutani atulie. Alikaa, lakini miguu haikukaa. Kila kitu Kusum alichowafunza wenzake, Agnes alikirudia pale ukutani kwa vidole vya miguu tu, mwili uliobaki ukiwa mtulivu kama wa mtu kanisani. Kusum akasimamisha njuga. "Huyu ni nani?" Nikasema, "Ni Agnes wa Kukhu." "Mlete tena. Kama wako wengine, lete wengine." Nikaleta Wafula na dadake Nasimiyu, nikaleta Njoki wa mama muuza makaa, nikaleta Otieno mdogo. Saa ya kula walikaa wote kwenye ngazi. Wa Ngara walitaka githeri ya wa Kangemi, na wa Kangemi wakataka bhajia za wa Ngara, na mabadilishano yale yalikuwa makali kuliko ya dukani. Kuna mama mmoja aliyekuja akaona, akamshika mtoto wake mkono akamtoa asimrudishe tena. Jina lake nalijua. Wajukuu zake ni watu wazuri, naliacha.

Huyo mama alipita dukani akamweleza Bapuji alichokiona, na siku hiyo hiyo nilisikia kupitia sakafu maneno yaliyonifanya niache kufagia. "Kusum, mimi nasema sasa," akasema Bapuji. Alizungumza na mkwewe Kiswahili wapagazi wakiwepo, nadhani ili wawe mashahidi. "Chumba kubwa hivi ya nini? Watoto naruka, naruka, vumbi naanguka kwa mali yangu. Mzigo mpya nakuja, mimi weka wapi? Kwa kichwa?" Kusum akasema kitu kwa sauti ndogo. "Sawa," akasema Bapuji. "Fanya onyesho. Moja. Mbele ya watu, ukumbi kabisa. Mimi nakuja, nakaa, naona na macho yangu. Kama iko kitu ya maana, sawa. Kama watu nacheka sisi, Jumatatu majora napanda juu." Kusum alipopanda alikuwa mweupe midomo. Alichukua njuga zake akazifunga, na mimi nikaelewa kwamba kile chumba tunakicheza kama bahati nasibu, na kwamba mkono wangu uko ndani ya mkono wake. Kufua Loresho kulikuwa kunanisubiri.

Alianza na hadithi ya tausi na binti mfalme. Haikwenda. Wote walitaka kuwa tausi. Pushpa alimng'oa Njoki manyoya ya karatasi, Njoki akamng'ata, na mama wawili ambao hawakuwa na lugha moja wakapata ya kutosha kugombana. Kisha ikaja alasiri moja ya mvua, mawingu yakashuka mpaka kwenye mapaa ya Ngara, stima ikapotea, na chumba kikawa giza kabisa. Watoto wakaanza kulia. Kusum alikuwa chini dukani akitafuta mshumaa. Mimi nikawakusanya katikati ya sakafu, nikawasimulia lililonijia, hadithi ya zimwi asiye na meno. Huyo kinywa chake ni kivuli chake. Anatembea nchi nzima, na mtu akikanyaga kile kivuli, amekwenda, yuko tumboni. Amewameza watoto wa kijiji kizima. Amebaki msichana mmoja, naye anamkabili alfajiri, kivuli kikiwa kirefu kama barabara, anamwambia: wewe huna lolote, hata kucheza ngoma hujui. Zimwi anaona haya, anacheza. Msichana anaruka kivuli, anacheza; zimwi anacheza; jua linapanda, kivuli kinafupika, mpaka saa sita kinaingia chini ya nyayo zake mwenyewe. Anajikanyaga. Anajimeza. Waliokuwa ndani wanatoka nje. Nilipomaliza, mlangoni alikuwa amesimama Kusum na mshumaa ambao haujawashwa. "Tabitha," akasema, "tausi amekufa. Tunacheza hiyo."

Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda mbio. Hemlata, aliyekuwa mrefu kuliko wote, akawa zimwi. Agnes akawa msichana. Kusum alichanganya njuga zake na kishindo cha isukuti, ngoma ambayo Wafula aliijua kutoka kwao, na mchanganyiko ule ukashika, sijui vipi, kama githeri na bhajia. Ukumbi ukapatikana mjini, upande wa chini, kwenye mtaa wa maduka ya cherehani. Na hapo ndipo tulipojikwaa. Ukumbi ulikuwa huru Jumamosi alasiri tu, kwa sababu jioni kulikuwa na karamu ya arusi. Mimi niliwapelekea wazazi wa Kangemi habari kwa furaha: saa tisa mchana, mje na nguo safi. Waliitikia vizuri. Kesho yake hakuna mtoto hata mmoja wa Kangemi aliyekuja mazoezini.

Nilimkuta Kukhu mlangoni pake akichambua mboga. Kukhu ndivyo watu wa kwao wanavyoita nyanya. Jina lake lilikuwa Rasoa, na nusu ya watoto wa mtaa ule ni yeye aliyewapokea duniani kwa mikono yake, kwa hivyo akisema jambo mama zao hawalijadili. "Tabitha," akasema bila kuinua kichwa, "nani alikufundisha hadithi ya zimwi?" Nikamtajia. "Alikufundisha saa ngapi?" Nikaangalia mboga zake. "Si usiku?" "Ni usiku, Kukhu." "Na wewe umeenda kuiweka saa tisa, jua likiwaka." Nilijaribu kusema kwamba hii haisimuliwi, inachezwa, mdomo hautaji kitu. Akacheka kidogo. "Kwa hivyo nikiiba kwa mguu, mkono uko safi?" Nikamwambia kwetu Wakikuyu pia tulikatazwa hadithi za mchana, tukiambiwa ng'ombe watapotea, lakini Kangemi ile ya vyumba mimi sikuwa nimefikiria ng'ombe. Njoki aliyekuwa amesimama pale akauliza, "Ng'ombe wa nani, Kukhu? Sisi tuko na paka." Kukhu hakucheka tena. "Kwetu si ng'ombe," akasema. "Kwetu hadithi ya mchana inampotezea njia aliye safarini. Mama ya huyu mtoto yuko safarini. Barua ya mwisho ilitoka mbali. Sasa wewe unataka mwanawe acheze zimwi saa tisa?" Agnes alikuwa ndani. Nilimsikia akivuta kamasi.

Nilirudi Ngara nikamwambia Kusum vile vile nilivyoambiwa. Nilitarajia akasirike au aniambie tutafute watoto wengine. Yeye aliketi kwenye ngazi, akafikiri, akasema kwao pia kuna siku mtu haanzishi safari na kuna saa mtu hakati kucha, na bibi yake angefanya vile vile. "Nipeleke kwake." Mpaka leo nikiwasikia watu wakisema Wahindi hivi, Wahindi vile, ninamkumbuka Kusum akikunja sari yake kuvuka mtaro wa Kangemi, akiwa ameshika chupa ya chai ya tangawizi kama mtu anayeenda kutoa posa. Chumba cha Kukhu hakikuwa na dirisha. Taa ya chemni ilikuwa ikiwaka ndani mchana ule, na vijukuu viwili vimelala. Walisalimiana, wakanywa ile chai, Kukhu akaisifu kwa kusema ina pilipili ya kutosha kumwamsha maiti. Kisha Kusum akatazama kuta, akauliza, "Mama, hapa unawasimulia saa ngapi?" "Saa yoyote," akasema Kukhu. "Mlango ukifungwa hapa ni usiku siku zote." Akasikia mwenyewe alichokisema. Wakatazamana. "Na mimi nikileta usiku kule ukumbini?" "Usiku hauletwi kwa kikapu." "Kwa kikapu hapana," akasema Kusum. "Kwa jora." Kukhu akamfunika mtoto mmoja aliyegeuka kitandani. Mwisho akasema, "Nitaingia wa kwanza. Nitainua mkono wangu mbele ya uso. Nikiuona, watoto wangu wanarudi nyumbani, na wewe hutanilaumu. Tena stima iwe imezimwa. Usiku wa stima si usiku wa hadithi."

Bapuji aliposikia tunataka kitambaa cheusi cha kufunika madirisha ya ukumbi mzima, alicheka mpaka akakaa. "Mimi nafungia wewe chumba, wewe nakuja kuomba mimi kitambaa?" Kusum akasema, "Bapuji, wewe ndiye ulitaka onyesho la maana." "Kata mita ngapi?" "Hatukati. Tunaning'iniza majora mazima, jioni tunayakunja tunayarudisha." Nilimwona mzee akilitafakari hilo kwa uso wa mtu aliyetegewa mtego wa adabu: mbele ya wapagazi wake angeonekana vipi kama angemnyima mkwewe kitambaa cha kuazima? Akatoa bitana nyeusi. "Lakini sikia," akanielekezea mimi kijiti cha kupimia. "Mkasi hapana. Msumari hapana. Mimi nakuja kuangalia tundu moja moja."

Jumamosi ile asubuhi nilipanda ngazi ya mlinzi wa ukumbi, Mzee Kilonzo, nikapitisha bitana juu ya fimbo za mapazia, dirisha hadi dirisha, ukuta hadi ukuta, kitambaa kisicho na mshono. Nje kulikuwa na jua la kuchoma mgongo. Wazazi wa Ngara walifika mapema wakakaa viti vya mbele. Wa Kangemi walifika wote pamoja, wakasimama nje barabarani, watoto wakiwa wamevaa nguo za Jumapili, Agnes mbele yao ameshikwa mkono. Hakuna aliyeingia. Kusum alikuwa nyuma ya jukwaa akiwafunga watoto wake njuga, na niliona anafunga, anafungua, anafunga ile ile. Bapuji alikuwa amechagua kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, ili aweze kuondoka.

Tukazima stima. Kukhu akaingia peke yake na mlango ukafungwa nyuma yake. Nilikuwa karibu naye, nikasikia shuka lake likisugua viti. Akasimama katikati. Akainua mkono; najua kwa sababu bangili yake ililia. Kisha akasema, "Pale bado ni saa tisa." Sote tukatazama juu. Kwenye kona ya dirisha la mwisho, kioo kilivunjika zamani, na bitana haikufika vizuri. Mwanga mwembamba kama sindano ulikuwa unaingia, ukipita juu ya vichwa mpaka kifuani pa Kukhu. Nikapanda ngazi nikivuta kitambaa, hakikufika. Nikavuta zaidi, nikasikia Bapuji akisema kutoka nyuma, "Chana hiyo, wewe nanunua yote!" Jasho liliniingia machoni. Kukhu alikuwa tayari ameanza kugeuka kuelekea mlangoni. Hapo nikaguswa mguu. Bapuji alikuwa chini ya ngazi, kichwa kipara, amenyoosha juu kofia yake nyeusi ya manyoya, ile aliyoivaa hata wakati wa joto. "Ziba," akasema kwa hasira. "Ziba, ziba, nachelewesha watu." Niliisokomeza kwenye lile tundu. Giza likatufunika sote. Bangili ikalia tena. "Huu ni usiku," akasema Kukhu. "Leteni watoto."

Tulikuwa tumechelewa. Nilijua, na Kusum alijua, lakini nani angekatisha sasa? Kazi yangu ilikuwa taa. Karabai moja, imewekwa chini mbele ya zimwi, imefungwa kamba iliyopita juu kwenye boriti na kunirudia mikononi, kando ya jukwaa. Taa ikiwa chini, kivuli cha Hemlata kilipanda ukuta mzima mpaka darini. Nikiivuta kamba pole pole, taa ikapanda, na kivuli kikashuka. Mimi ndiye niliyekuwa jua. Kivuli kile cha kwanza kilipotokea ukutani, watu wazima walitoa sauti. Mama mmoja wa Kangemi akasema, "Woi, Hemlata amekua!" ingawa alikuwa amemjua tangu ngazini. Zimwi akawapitia watoto mmoja mmoja, kivuli kikawaangukia, nao wakaingia kucheza-cheza chini ya shuka jeusi kubwa lililokuwa tumbo. Akamezwa Jayant, akamezwa Wafula, akamezwa Nasimiyu, Pushpa, Otieno mdogo, Mukesh na Njoki. Nirmala akawa mti, akilia. Kisha Agnes akatoka peke yake, akalitazama lile jitu la ukutani, akapiga kisigino ubao mara moja.

Sijaona tena uchezaji kama ule. Alikiruka kivuli kama mtu anayevuka moto. Hemlata akajibu kwa njuga, Agnes akajibu kwa isukuti, na mimi nikaanza kuvuta kamba. Kivuli kilikuwa kimefika nusu ya ukuta mlango ulipofunguliwa. Jua lote la mtaa ule wa cherehani likaingia. Ukuta ukawa mtupu, zimwi akapotea, akabaki binti wa Kihindi aliyevaa gunia. Mzee Kilonzo amesimama mlangoni, nyuma yake mwanamume wa suti mwenye ua kifuani. "Muda wenu umekwisha," akasema Mzee Kilonzo. "Wenye arusi wako hapa na keki yao." Watu wakaanza kugeuka kwenye viti. Chini ya shuka mtoto mmoja akalia, mwingine akamfuata. Agnes alisimama mguu mmoja ukiwa hewani. Alikuwa anamtazama nyanya yake.

Kukhu alikuwa amesimama. Mimi mikono ilikuwa imeshika kamba; nikiiachilia taa inaanguka, kwa hivyo nilitazama tu. Nilijua anakwenda kumchukua Agnes, na wa Kangemi wote watainuka naye, na wa Ngara watacheka, na Jumatatu itafika. Kusum alitokeza kando ya jukwaa akajishika kifua. Kukhu akavuta shuka lake begani. Lakini hakugeukia jukwaa. Aligeukia mlango. "Nani amefungua?" Sauti yake ilikuwa ile aliyowapigia wanawake waliokuwa wakizaa. "Watoto wa watu wako tumboni! Mnawaacha humo? Hadithi iliyoanza haikatwi, ikikatwa inabaki na waliomo! Funga!" Yule wa suti akasema, "Mama, sisi tumekodi ukumbi—" "Wewe una mtoto humo ndani? Huna! Funga!" Na mama yake Pushpa, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akisema Kiswahili, akasimama pia na kupaza sauti, "Funga, funga! Pushpa iko ndani!"

Mzee Kilonzo alirudi nyuma, lakini yule wa suti akaweka mguu. Hapo Bapuji akainuka kutoka kiti chake cha kuondokea. Nilidhani anaondoka. Alimshika yule bwana kifuani kwa kiganja, hapo hapo penye ua, akamsukuma nje kama anavyowasukuma wateja wanaoshika bila kununua, akaubamiza mlango. Komeo halikuwa likifanya kazi. Akageuka, akauegemea kwa mgongo wake, visigino vyake vikiwa vimejikaza sakafuni. Giza likarudi, na ukutani zimwi akarudi kwa kishindo, kivuli kile kile nusu ya ukuta. Nje wakaanza kugonga. Kisha tarumbeta za arusi zikaanza kupigwa, kwa hasira nadhani, na mlango ukawa unaruka nyuma ya mgongo wa mzee. "Cheza!" akafoka kutoka gizani. "Cheza, mtoto, cheza!" Agnes akashusha ule mguu.

Nikavuta. Nikavuta taratibu kwa sababu jua haliharakishwi, ingawa kila kiungo changu kilitaka kuharakisha. Kivuli kikafika mabegani, kikafika kiunoni. Mlango ulikuwa ukidunda, na kila ulipodunda Bapuji alitoa pumzi. "Tabita!" akaniita mbele ya watu wote. "Zimwi nakufa?" "Bado, Bapuji!" "Vuta wewe!" "Navuta!" Watu walicheka, lakini hakuna aliyetucheka sisi, walikuwa wakicheka kama watu wanaosukuma gari pamoja. Kivuli kikafika magotini. Kikafika kwenye njuga. Hemlata akainua mguu wake, akaushusha juu ya doa jeusi lililobaki, akajimeza, akaanguka. Nao wakatoka mmoja mmoja chini ya shuka, na Kukhu akawaita kwa majina kana kwamba anawazalisha upya, hata wale wa Ngara, ambao alikuwa amejifunza majina yao siku hiyo hiyo. Bapuji ndiye aliyefungua mlango mwenyewe, akatoka nje, akamnyooshea bwana wa suti ua lake.

Mamake Agnes alirudi kabla ya Krismasi akiwa na mfuko wa karanga. Mimi chumba kile nilikifanyia kazi mpaka nilipoolewa, na baada ya kuolewa pia. Lakini Jumatatu ya kwanza sikujua hayo. Bapuji alikuwa amevishwa kofia yake na Kusum jioni ile ukumbini, tulipoitoa kwenye tundu, na Jumapili hakutoka nyumbani kwa sababu ya mgongo. Nilifika Ngara asubuhi, nikapanda, nikachukua ufagio, na nikiwa nimesimama katikati ya sakafu nikasikia lori likisimama, na wapagazi wakishusha mzigo mpya, na mmoja wao, Mutua, akiuliza hapo chini, "Bapuji, haya majora tupandishe?" Nilimsikia mzee akikohoa, nikasikia kijiti chake kikigonga kaunta.

"Juu hapana," akasema. "Juu iko zimwi."